Msimu wa Sindano

Nimechoka kuulizwa kama nililogwa. Hata leo, nikipita njia ya sokoni Temeke, hakosekani mtu wa makamo wa kunisimamisha. Ananishika mkono, anaangalia kulia na kushoto, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini ni nani hasa aliyenifanyia. Anataka jina. Nikimwambia kilikuwa kifua kikuu, anatikisa kichwa kama anayemsikiliza mtoto mwongo, halafu ananiombea dua. Basi nimeona niandike. Anayetaka kujua asome, na anayetaka jina la mchawi aniache nipite.

Lakini zaidi nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi kwamba una ugonjwa huohuo, na sasa umelala chali unatazama dari. Habari za vijidudu mwulize daktari, yeye ndiye aliyezisomea. Mimi nina habari za benchi, za makalio yanayouma, za mke na mkwe, na za lango la mpira, kwa sababu nilikuwa kipa.

Nilikuwa kuli bandarini, upande wa Kurasini, miaka ile ya Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu na sukari ilikuwa ya foleni. Yadi yetu ilikuwa na timu yake ya wafanyakazi, na mimi ndiye niliyesimama langoni. Watoto wa Temeke walilijua jina la Rashidi kabla hawajalijua la balozi wao wa nyumba kumi. Nilipanga chumba kimoja na mke wangu Zainabu na binti yetu Mwajuma, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Sote wawili, mimi na Zainabu, wazazi wetu walitoka Lindi.

Kudaka nilifundishwa na Mtaliano. Bwana Renzo aliletwa nchini kuja kufunga winchi za kupakulia mizigo, na kazi ilipokwisha hakuondoka, akabaki kuwa fundi wa kuzitengeneza. Watu wa tawi la chama walimwita Ndugu Renzo. Watoto walimwita Chao, maana ndivyo alivyowasalimia. Alikuwa mrefu, mkimya, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepinda, na Kiswahili chake alikiokota gatini kwa makuli, kwa hiyo matusi aliyatamka vizuri kuliko salamu.

Kwao alikuwa kipa wa kulipwa. Hilo kwetu lilikuwa jambo la ajabu. Sisi tulidaka baada ya kubeba magunia kutwa, na malipo yetu yalikuwa soda na kupigwa mgongoni. Jioni alikuja uwanjani akasimama nyuma ya nyavu zangu, akanirudia neno lilelile, "Ngoja. Ngoja mpira." Makipa wa mtaani tulikuwa watu wa kuruka, kwa sababu mashabiki wanapenda kipa anayeruka. Yeye alitaka nisimame, nitazame, nipige hatua moja, nidake. Kuruka, alisema, ni kwa mtu aliyechelewa. Nilimbishia msimu mzima, kisha nikaanza kufungwa mabao machache, nikanyamaza.

Kikohozi kilianza wakati wa kipupwe. Nilikilaumu saruji. Tulipokuwa tukipakua meli ya saruji makuli wote tulikohoa, tukatema vumbi, tukacheka. Meli ikaondoka, wenzangu wakanyamaza, mimi nikaendelea. Kisha ikaja homa ya jioni, na jasho la kulowanisha godoro mpaka Zainabu akawa analianika uani kila asubuhi. Wapangaji wenzetu walicheka kwamba Rashidi ameanza kukojoa kitandani. Sweta langu la kudakia, ambalo zamani lilinibana mabegani, likawa linaning'inia.

Na uchovu. Sijui kama umekwisha kuujua uchovu huo. Ule wa kubeba gunia unalala nao, asubuhi haupo. Huu unaamka kabla yako. Nilikuwa nafunga vifungo vya shati kisha napumzika, navaa viatu kisha napumzika, na kazi haijaanza.

Siku moja mazoezini nilikohoa nikatema, na mchanga wa langoni ukawa mwekundu. Nikafukia kwa mguu. Makipa tuna tabia ya kuchorachora na kufukia mchanga wa langoni, kwa hiyo niliamini hakuna aliyeona. Bwana Renzo alikuwa nyuma ya nyavu. Mazoezi yalipokwisha akaniambia kwamba kesho haniruhusu kwenda kazini, tutakwenda hospitali, mimi na yeye. Nikamwambia ni saruji. Akasema hata yeye zamani aliambiwa ni vumbi la unga, kwa kuwa baba yake alikuwa mwoka mikate. Sikumwelewa.

Kliniki ya kifua ilikuwa na baraza ndefu, benchi la wanaume upande mmoja na la wanawake upande wa pili, chini ya bati lililolia kwa joto. Jambo la kwanza nililojifunza pale ni kwamba hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Kila mtu anajifanya amemsindikiza mgonjwa. Nilimkuta Fundi Selemani, fundi cherehani wa mtaa wa pili, akaniambia amemleta shangazi yake. Shangazi sikumwona. Nami nikamwambia nimemsindikiza Mtaliano. Bwana Renzo akakohoa kidogo, kwa heshima yangu.

Tukangoja. Nikatema makohozi kwenye kikopo, nikapigwa picha ya kifua, nikaambiwa nirudi, nikarudi, nikangoja tena. Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, sauti yake ndogo. Aliniambia ni kifua kikuu. Aliniambia kinapona. Kwanza miezi ya sindano, kila siku isipokuwa Jumapili, kisha vidonge kwa zaidi ya mwaka. Mtu wa mpira huhesabu miaka yake kwa misimu, kwa hiyo kichwani mwangu nikaupa jina palepale: msimu wa sindano. Nikamwuliza swali moja tu, kwamba nitarudi lini langoni. Akatazama karatasi zake, akasema tuanze kwanza na kupumua.

Nyumbani habari zilifika kabla yangu. Palikuwa na baraza la bao ambapo nilizoea kukaa kila Jumapili. Sasa nikikaribia, mchezo unaisha. Huyu amekumbuka kuteka maji, yule anaitwa na mkewe. Mama mkwe alikuja kutoka Mbagala akiwa na mkeka wake na maneno yake. Nilimwamkia shikamoo akaitikia akiwa mlangoni, pua ameiziba kwa khanga. Alikuja kumchukua Mwajuma. Walibishana na Zainabu uani kwa muda mrefu, na mimi nikiwa ndani nasikia jina langu likipita huku na huku. Mwishowe mtoto alifungiwa nguo zake akaondoka, akidhani anapelekwa harusini. Alinipungia mkono kwa furaha kabisa. Sitaki kusema mengi juu ya siku hiyo.

Sindano zenyewe zilikuwa za kioo, zikichemshwa kwenye sufuria, na kugonganagongana kwake ndani ya maji ndiko kulikokuwa kengele yetu. Tukiisikia, benchi zima linajikunyata. Muuguzi alikuwa Sista Agnes, mwanamke wa Bukoba, mnene, mkono mwepesi. Aliniuliza kila siku, leo kulia au kushoto, kipa? Baada ya wiki chache jibu halikuwa na maana, maana pande zote mbili zilikuwa vinundu vitupu. Kukaa kwenye benchi ikawa adhabu. Wanaume wazima tulikaa upande upande kama wanawake waliopakiwa kwenye baiskeli.

Hapo ndipo Fundi Selemani alipoacha habari za shangazi. Siku moja alikuja na mto alioushona mwenyewe, umejazwa sufi, akaukalia kwa dakika chache kisha akampitishia aliye jirani yake. Tukawa tunapokezana mto ule benchi zima, kuli, karani, mwuza kahawa, na kila anayeupokea anasema "Alhamdulillahi" au "Asante Yesu" kwa kadiri ya dini yake. Ukiwa mgonjwa usidharau jambo dogo namna hii. Kuna siku nilikwenda kliniki kwa ajili ya mto tu.

Bwana Renzo alikuja baadhi ya siku wakati wa mapumziko ya mchana, mikono ina grisi, akakaa nami kwenye benchi. Hakuogopa kukaa karibu. Na kwa kuwa hatukuwa na la kufanya, alinihadithia habari za kudaka kwake kule Italia, vipande vipande.

Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto, wenye ukungu asubuhi hata hulioni lango la upande wa pili. Baada ya vita alichukuliwa na timu ya kulipwa ya mji mkubwa zaidi. Nikamwuliza kama alianza kudaka mara moja. Akacheka. Timu ilikuwa na kipa wake, baba mmoja mwenye masharubu ambaye alikuwa hapati hata mafua. Renzo alikuwa kipa wa akiba. Kila Jumapili alivaa koti akaketi jukwaani, akatazama mtu mwingine anafanya kazi aliyoipenda yeye. Miaka ikapita hivyo, alilipwa kwa kungoja. Alikuwa mwalimu wa kungoja, na mimi nikiwa na vinundu vyangu nilikuwa mwanafunzi wake.

Kisha yule wa masharubu akavunjika kidole. Renzo akasimama langoni, na safari hii hakutolewa. Alidaka msimu na nusu. Alipokuwa akinisimulia hayo uso wake ulikuwa wa kijana. Sokoni wauza samaki walikuwa wakimwita kwa jina, baba yake akaning'iniza sweta lake ukutani dukani, juu ya mikate. Halafu akaanza kukohoa, na baba akasema ni vumbi la unga. Wakiwa kwenye treni wanarudi kutoka mechi, alitema damu kwenye leso. Wakampeleka hospitali ya milimani, ambako wagonjwa walilazwa barazani kwenye baridi kali, wamefungwa mablanketi mpaka kidevuni, kwa sababu sindano hizi zetu zilikuwa hazijawafikia. Kila mara hadithi ilifika pale kwenye baraza ya milimani ikasimama. Anatazama saa, anasema winchi inamngoja.

Katikati ya msimu wa sindano masikio yangu yalianza kulia. Sauti nyembamba, kama mbu aliyeingia asiyetoka. Kisha nikaanza kuyumba. Nikigeuka haraka, ukuta nao unageuka. Watu wa mtaani, ambao walikuwa wamekwisha kunihukumu, wakaongeza kwamba sasa nakunywa gongo.

Nilikuwa na hofu yangu kuhusu jambo hilo, na ili uielewe lazima nikuambie habari za zindiko. Kila timu ya wakati ule ilikuwa na kamati, na simaanishi kamati ya kununua mipira. Msimu ulipoanza, lango letu lilizindikwa, na kipa akazindikwa pamoja nalo. Nilichanjwa viganjani na mabegani, dawa ikapakwa, nikapewa mwiko: chuma kisiingie mwilini mwangu mpaka msimu uishe. Hata ndevu sikunyoa. Mwili wangu ulikuwa umefungwa na lango, na hilo halikubadilika kwa kuwa nimelala nyumbani na langoni kuna kijana mwingine. Kwa hesabu ya kamati, mlango wa lango lile ulikuwa bado ni mimi. Na kila asubuhi Sista Agnes alikuwa akiutoboa.

Mzee Pazi, mwenyekiti wa kamati, alikuja kunijulia hali akiwa na wenzake wawili. Walikuwa watu wa kwanza kukaa chumbani kwangu tangu Mwajuma aondoke, na kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kuwapa chochote. Walileta machungwa. Walizungumza habari za mvua, wakazungumza habari za unga uliokosekana dukani, na mwisho kabisa Mzee Pazi akasema kilichomleta. Mechi ya kumaliza msimu ilikuwa inakuja, na wapinzani wetu wa kiwanda cha nguo.

"Mwanangu, hatukukatazi dawa," alisema. "Tunakuomba upumzike sindano tu, mpaka tumalizane na hawa watu. Mizizi ya kifua tutakuletea sie wenyewe."

Kusema kweli nusu yangu iliamini. Nusu ile nyingine ilikuwa imechoka mno kubisha. Nilijiambia kwamba masikio yanayolia na kichwa kinachozunguka ndiyo ugomvi wenyewe, zindiko na sindano vinapigania mwili mmoja. Na zaidi ya yote, nilitaka nikirudi kazini niwe bado mtu wa timu. Kama timu ingenitupa, nirudi wapi? Zainabu aliporudi kutoka kisimani nikamwambia nitapumzika sindano mpaka mechi ipite. Akatua ndoo. Akasema "haya." Mke wangu akikubali jambo hubisha kwanza. Akisema "haya" mara moja, ujue hajakubali.

Siku ileile jioni Bwana Renzo alikuja nyumbani, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alikaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kifuani, akanywa chai ya rangi bila sukari. Hakunitazama sana. Akaanza pale hadithi ilipokuwa ikisimama kila mara.

"Mimi nilitoka kule mlimani," alisema. "Nilirudi golini. Miaka mitatu nilidaka. Timu ndogo, lakini nilidaka. Wale walitoroka hospitali, hakuna alirudi. Wewe maliza sindano, mimi mwenyewe nakurudisha."

Nilimwuliza kama na yeye alikuwa akiyumba. Akasema mwanzoni kila mtu anayumba. Nilimwuliza mara ya pili kama ni kweli alidaka miaka mitatu, na akasema ndiyo. Zainabu alikuwa mlangoni anapepeta, hakuinua uso. Asubuhi yake nilikuwa kwenye benchi. Sista Agnes akaniuliza, kulia au kushoto?

Timu ilifungwa. Walifungwa vibaya, na mabao mawili yalipita katikati ya miguu ya yule kijana. Hakuna aliyekuja kunilaumu kwa mdomo. Mzee Pazi aliacha kupita kwenye mtaa wetu, basi. Hata sasa wapo wanaoamini kwamba mimi ndiye niliyefungwa mabao yale, nikiwa nimelala ubavu kwenye benchi la kliniki.

Na kabla ya Ramadhani, mto wa sufi ulikuja bila Fundi Selemani. Mkewe aliuleta. Fundi alikuwa amepata nafuu, akaona sindano zatosha, akaenda kwa mganga Rufiji kumalizia, na kulekule wakamzika. Mkewe alisema mume wake asingependa mto ukae bure. Siku hiyo ulipita benchi zima na hakuna aliyetaka kuukalia. Mwishowe Sista Agnes alitoka ndani, akatutazama, akaniwekea mimi.

Daktari alipoona natembea nikigusa kuta, alisimamisha sindano kabla ya muda wake kidogo. Masika ilikuwa imeanza. Vikafuata vidonge, vikubwa, vichungu, vya kukuondolea hamu ya chakula, mwezi juu ya mwezi, masika ikaisha, kipupwe kikaja, vuli ikaja, maembe yakajaa sokoni, nami nameza. Kuhusu wakati huo sina cha kusimulia, na hilo ndilo gumu lake. Hakuna anayekuja kumtazama mtu anayemeza vidonge. Lakini jasho lilikauka. Godoro liliacha kuanikwa. Siku moja nilipanda ngazi za ofisi ya bandari na nilipofika juu nikagundua sikupumzika katikati, nikarudi chini nikapanda tena. Walinipa kazi ya mlangoni, ya kuandika malori yanayoingia, kazi ya kukaa. Mama mkwe alimrudisha Mwajuma pamoja na kuku wawili, na safari hii aliingia hadi ndani. Mtoto alisimama mbali akinipima kwa macho. Ilichukua muda kabla hajanikaribia, na mimi sikumharakisha.

Kama uko kwenye sindano na masikio yako yanalia, mwambie daktari siku hiyohiyo. Usinyamaze kama mimi, usingoje mpaka ukuta ugeuke, na usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Kifua changu kilipona. Kilichoyumba hakikurudi sawasawa. Gizani bado natembea nikipapasa, na nikifumba macho wakati wa kunawa uso lazima nishike kitu.

Hata hivyo niliamini nitadaka. Mizani, nilijiambia, ni mazoezi. Nilifuma viwiko vya sweta langu vilivyotoboka. Nilifanya mazoezi uani kwa kusimama mguu mmoja, na wapangaji wakacheka tena, na mimi nikacheka nao kwa kuwa mwalimu wangu aliwahi kupita njia hii na alidaka miaka mitatu. Siku daktari aliponiambia nimepona, nisirudi tena kwake ila kumsalimia, nilitoka kliniki nikaenda moja kwa moja gatini. Nikamwambia Bwana Renzo kwamba ni leo. Akasema winchi imeharibika. Nikamwambia nitangoja, yeye ndiye aliyenifundisha.

Jioni tulikwenda uwanjani wachezaji walipokwisha kuondoka. Alinisukumia mipira ya chini, nikadaka. Akanirushia ya kifuani, nikadaka, na mlio wa ngozi kwenye viganja ulinifurahisha kama mtoto. Nikamwambia sasa ya juu. Akasema leo inatosha. Nikasema ya juu. Akaurusha mmoja taratibu, kama anavyorushiwa mtoto.

Niliinua uso, na mbingu ikahama mahali pake. Mikono yangu ilikwenda upande mmoja na mimi upande mwingine. Nilianguka chali mchangani, na mpira ukadunda pembeni yangu ukaingia golini polepole, bila haraka yoyote. Nikainuka, nikamwambia arushe tena. Nikaanguka tena. Mara ya tatu nilishika mwamba kwa mkono mmoja, kama mlevi.

Alikuja akakaa mchangani karibu yangu. Nikamwambia si neno, kesho tutajaribu tena, hata yeye lazima alianguka mwanzoni. Alifungua vifungo vya shati lake. Miaka yote ile ya joto la gatini, makuli tukiwa vifua wazi, sikuwahi kumwona bila shati, na sasa nikajua sababu. Chini ya kwapa la kulia palikuwa na shimo la kuingia ngumi. Kule milimani walimtoa mbavu ili pafu lipumzike.

"Mimi sikurudi, Rashidi," alisema.

Alikwenda kwenye mazoezi siku moja tu. Alipoinua mkono wa kulia kudaka, uliishia usawa wa bega. Yule wa masharubu, ambaye hakuwahi kuugua, aliokota mpira akampa aende nao nyumbani. Renzo aliusahau kwenye treni, au ndivyo alivyosema. Mwezi uliofuata akaanza kujifunza kutengeneza winchi. Msimu na nusu ndio uliokuwa wote, na miaka mitatu haikuwapo.

Nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Niliuliza kwa sauti mbaya, na kama ningekuwa na nguvu ya kusimama vizuri ningempiga. Akafunga vifungo kimoja kimoja. Akasema mke wangu alimfuata gatini, siku ile niliyokataa sindano. Zainabu, ambaye hakuwahi kukanyaga bandarini, alisimama chini ya winchi katikati ya makuli, khanga kichwani, akamwita ashuke. Renzo alitaka kuniambia ukweli, kwamba langoni sitarudi lakini nitaishi. Zainabu akamkatalia. Alisema nikisikia hivyo nitalala kitandani nife. Akamwambia aseme alirudi langoni, na dhambi ya uongo huo ataibeba yeye Zainabu.

Niliondoka nikamwacha pale. Nilitembea nikishika kuta za watu mpaka nyumbani, na hasira ilikuwa kubwa kuliko pumzi. Zainabu alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Aliona mchanga mgongoni kwangu, akajua. Nikamwuliza kama alikwenda gatini. Akasema alikwenda.

Nilisema mengi. Nikamwambia amenifanya mjinga mbele ya watu, amenitazama nikifuma viwiko vya sweta na nikisimama mguu mmoja kama korongo, akijua. Nikamwambia nimevumilia yote yale kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Kipa wangepata mwingine, Baba Mwajuma, na wamempata," alisema. "Mie mume ningempata wapi?"

Nikakaa kwenye mkeka. Nililia waziwazi, wapangaji wanapita na ndoo zao, nikaulilia mpira wangu kama anavyoliliwa mtu. Zainabu hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akanisogezea upande wa ungo, tukaendelea kuchambua.